Perisaiti: mafundi wa mishipa ya ubongo, na kwa nini zinatuhusu watu wa Karagwe na Kyerwa

Leo naweka pembeni siasa na bei ya kahawa, niandike jambo la afya, maana kuna maswali mawili huwa nayasikia kila nikienda nyumbani. La kwanza: mtoto alipandwa na malaria kichwani, akapigwa sindano, kipimo kikaonyesha wadudu wamekwisha, mbona darasani hayuko kama zamani? La pili: mzee kapata kiharusi, na tunasikia huko kwenye hospitali kubwa wanaweza kufungua mshipa ulioziba, mbona wengine hata mshipa ukifunguliwa mkono haurudi?

Maswali haya mawili yana jibu linalokutana sehemu moja: kwenye seli ndogo sana zinazoshikilia mishipa ya damu ya ubongo. Zinaitwa perisaiti. Mimi si daktari na hapa siandikii mtu dawa. Nimesoma, nimeuliza wanaojua, na nakuletea kwa lugha yetu, kwa sababu kwa Kiswahili sijaona maandishi mengi juu ya seli hizi. Kama muda wako wa kafe ni mfupi, nenda moja kwa moja kwenye kichwa cha mwisho, mengine utasoma ukirudi.

PERISAITI NI KITU GANI?

Ubongo una uzito wa asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Na hauna stoo. Damu ikikatika, dakika chache tu seli zinaanza kufa. Ndiyo maana ndani ya kichwa kumetandazwa mtandao wa mishipa myembamba mno, kapilari, ambayo ukiiunganisha yote inakadiriwa kufika kilomita 600. Hiyo ni ndefu kuliko barabara ya kutoka Kayanga hadi Mwanza. Na wembamba wake ni kwamba chembe nyekundu za damu zinapita moja moja, tena kwa kujikunja.

Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya seli. Safu moja! Sasa nani anaushikilia usipasuke, na nani anaamua ufunguke kiasi gani? Hapo ndipo perisaiti inapoingia. Sisi mgomba ukibeba mkungu mzito tunauegemeza nguzo. Perisaiti nayo ni egemeo, ila ni egemeo lenye mikono: imekaa juu ya kapilari kama uvimbe mdogo, halafu inatoa vidole virefu vinavyouzunguka na kuukumbatia mshipa. Imejichimbia kwenye utando uleule unaoshikilia seli za ukuta, kiasi kwamba hizo mbili zinagusana na kupeana taarifa moja kwa moja.

Perisaiti zipo mwili mzima, lakini kwenye ubongo na kwenye retina ya jicho zimejazana kuliko mahali pengine popote. Kwenye ubongo hesabu ni kama perisaiti moja kwa kila seli moja hadi tatu za ukuta. Kwenye misuli ya mguu unaweza kukuta moja tu kwa seli za ukuta zinazofika mia. Huo wingi peke yake unakuambia kuna kazi kubwa.

Kuhusu historia nitapita haraka. Mjerumani Carl Joseph Eberth alizieleza mwaka 1871, Mfaransa Charles Rouget mwaka 1873 akasema huenda zina uwezo wa kubana mshipa, na jina lenyewe lilitolewa na Karl Wilhelm Zimmermann mwaka 1923. "Peri" ni Kigiriki, maana yake kuzunguka. Baada ya hapo watu wengi walizidharau, wakaziona ni za kujaza nafasi tu. Heshima yake imerudi katika miaka 30 hivi iliyopita.

KAZI ZAKE ZA KILA SIKU

Moja, kurekebisha mtiririko. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi, tuseme unaposoma hapa, inahitaji damu zaidi. Mwaka 2014 timu ya David Attwell ya London ilionyesha kwa panya kwamba kapilari mara nyingi hutanuka kabla hata ya mshipa mkubwa ulioko juu yake, na perisaiti ndizo zinazolegeza. Ni kama mabomba ya shambani: si lango kuu peke yake linaloamua, kila mfereji mdogo una mtu wake.

Mbili, kulinda mlango. Damu ya ubongo haichanganyiki ovyo na tishu ya ubongo. Kuna kizuizi, na ndiyo sababu dawa nyingi na sumu nyingi haziingii huko. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti, moja la Sweden na jingine la Marekani, yalichapisha kwenye jarida la Nature kwamba perisaiti zikipungua kizuizi hicho kinavuja. Seli za ukuta zipo, lakini bila msimamizi zinaruhusu vitu kupita.

Tatu, kuimarisha mishipa mipya. Mshipa unapochipua, seli zake hutoa protini iitwayo PDGF-B, ambayo ni kama mwito: perisaiti njooni. Zinaisikia, zinafuata, zinakumbatia. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza panya waliozalishwa bila protini hiyo: kapilari zao zilivimba kama puto na kuvuja damu, wakafa kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa.

TISHU IKIUMIA, ZINAFANYAJE?

Hapa ndipo penyewe, na panahitaji utulivu kidogo, kwa sababu perisaiti wakati wa ajali ni fundi, na wakati huohuo ni tatizo.

Hatua ya kwanza ni kubana. Damu ikikatika, kama kwenye kiharusi cha kuziba, perisaiti zinaishiwa nguvu. Madini ya kalsiamu yanajaa ndani yake na zinabana mshipa. Mwaka 2009 timu ya Turgay Dalkara ya Ankara, Uturuki, ilionyesha kwa panya kwamba hata ukifungua mshipa mkubwa ulioziba, perisaiti zinaendelea kubana kapilari, na chembe nyekundu zinanasa humo. Ile kazi ya London ya 2014 ikaongeza jambo la kusikitisha: nyingi zinakufa zikiwa zimebana. Ni kama mtu aliyekufa amekunja ngumi, vidole havifunguki tena. Kwa hiyo lango kuu liko wazi, mifereji imefungwa. Hiyo ni sehemu ya jibu la swali la mzee na mkono wake, na ndiyo sababu saa za mwanzo zina thamani kubwa kuliko saa zote zinazofuata.

Hatua ya pili ni kuvuja. Perisaiti zilizokufa au zilizojibandua zinaacha ukuta bila msimamizi. Maji na protini za damu zinaingia kwenye tishu, ubongo unavimba. Na fuvu ni mfupa, halitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda unabana ubongo wenyewe.

Hatua ya tatu ni kovu. Mwaka 2011 timu ya Jonas Frisén wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ilifuatilia uti wa mgongo wa panya uliojeruhiwa, ikaona kundi moja la perisaiti linatoka kwenye mishipa, linazaana kwa wingi, na kujenga kovu katikati ya jeraha. Walipozizuia kabisa zisizaane, jeraha halikuziba vizuri. Lakini mwaka 2018 timu hiyohiyo ilizipunguza tu, bila kuzimaliza, na nyuzi za neva zikaota kupita eneo la jeraha, panya wakapata nafuu kwenye mwendo na hisia. Mwaka 2021 wakaonyesha kovu la aina hiyo linajengwa pia kwenye majeraha ya ubongo ya panya, kikiwemo kiharusi. Unaona ugumu wake? Kovu likikosekana, kidonda kinabaki wazi. Likizidi, linakuwa ukuta ambao neva haipiti. Niseme pia kuna watafiti wengine wanaodai sehemu kubwa ya kovu hilo inatoka kwa seli nyingine zilizo kandokando ya mishipa mikubwa. Mjadala huo bado upo.

Hatua ya nne ni kujenga upya. Pembeni ya eneo lililokufa mishipa mipya huchipua ili kuokoa kilichobaki. Mshipa mpya bila perisaiti ni kama ukuta wa matofali mabichi usio na plasta, mvua ya kwanza unalainika. Perisaiti zinafika, zinakumbatia, zinatoa protini iitwayo anjiopoietini-1 inayoziambia seli za ukuta: tulieni, shikamaneni. Ndipo mshipa unakomaa na kuacha kuvuja.

Tahadhari moja kabla sijasonga mbele. Kuna wakati ilisemwa sana kwamba perisaiti ni "seli mama", kwamba zinaweza kugeuka kuwa neva, mfupa, msuli, chochote. Kwenye vyombo vya maabara ni kweli zinafanya maajabu. Lakini mwaka 2017 utafiti wa Marekani uliozifuatilia ndani ya panya hai, kwenye ubongo na viungo vingine, haukuona zikigeuka hivyo zenyewe, hata baada ya jeraha. Nalisema kwa sababu huku kwetu wanapita watu wenye vipeperushi na makopo ya vidonge vya "seli shina", wanaahidi kuinua mgonjwa wa kiharusi kwa laki kadhaa. Jamani, hakuna kidonge cha kumeza kilichothibitishwa kujenga upya seli za mishipa ya ubongo. Mtu akiuza ng'ombe kwa ajili ya kopo hilo, ng'ombe ameenda.

MALARIA YA KICHWANI: HAPA NDIPO KWETU

Utafiti wa malaria wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa Tanzania wana malaria. Kagera ilikuwa asilimia 18, ya tatu baada ya Tabora na Mtwara. Kwa hiyo kwetu hili si jambo la kusoma vitabuni. Tumezoea kusema "ni homa tu", na ndiyo mazoea yanayotuua.

Mdudu wa malaria aina ya falsiparamu akikomaa ndani ya chembe nyekundu, anaifanya ioteshe vinundu vyenye kunata. Chembe hizo zinaganda kwenye kuta za kapilari za ubongo. Mdudu mwenyewe haingii ndani ya ubongo, anabaki upande wa damu, lakini madhara yanavuka ukuta. Seli za ukuta zinajeruhiwa, na damu ya mgonjwa inajaa anjiopoietini-2, ambayo ni mpinzani wa ile ya perisaiti. Ile inasema shikamaneni, hii inasema achianeni. Watoto wa Uganda waliopimwa, wenye malaria kali, walikuwa na kiwango cha juu cha protini hii, na waliokuwa nacho juu zaidi ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi.

Ukuta ukiachia, ubongo unavimba. Huko Blantyre, Malawi, watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha za MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki. Kati ya hao, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo tangu walipolazwa. Wengi wa waliopona, uvimbe haukuwa hivyo, au ulipungua.

Na waliopona? Utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto kwa miaka miwili. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo wa kufikiri. Wadudu walikwisha zamani, lakini ukarabati haukukamilika. Jirani yetu mmoja ana binti wa namna hiyo. Kwa miaka mitatu aliitwa mvivu na mtukutu, akachapwa kwa sababu anasahau alichofundishwa asubuhi. Hakuna aliyeunganisha kusahau kwake na wiki ile aliyolazwa amepoteza fahamu. Mtoto kama huyo anahitaji mwalimu aambiwe historia yake, akae mbele, arudiwe somo taratibu. Fimbo haijengi kapilari.

Sasa kuna jambo la kututia wasiwasi zaidi. Mwaka 2020 Rwanda ilitangazwa kuwa na vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yaitwayo R561H, yanayovifanya visife haraka kwa dawa za jamii ya artemisinini. Sampuli zilizokusanywa Tanzania mwaka 2021, katika kazi iliyowahusisha watafiti wa NIMR, zilikuta mabadiliko hayo kwenye asilimia 7.7 ya sampuli za Kagera, na Karagwe peke yake asilimia 22.8. Mwaka 2022 watoto wa Karagwe walipewa dawa mseto na kufuatiliwa, na zaidi ya mmoja kati ya kumi bado alikuwa na vimelea siku ya tatu. Mpaka ni mto tu na barabara. Mbu hagongi muhuri Murongo.

Msinielewe vibaya. Dawa mseto bado inaponya, kwenye utafiti huohuo zaidi ya asilimia 90 walipona. Kilichobadilika ni mwendo: vimelea vinachelewa kuondoka. Na ukiunganisha na hayo tuliyosema juu, utaona kwa nini mwendo ni muhimu. Kila saa chembe zenye kunata zinapobaki kwenye kapilari, seli za ukuta na perisaiti zinaendelea kuumia. Mtu anayemeza vidonge vya siku moja akaona nafuu, akaweka vilivyobaki juu ya kabati kwa ajili ya mtoto mwingine, anavifuga vile vimelea sugu.

KIHARUSI, SUKARI NA PIKIPIKI

Tusidhani kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta viharusi vipya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na kama 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Hicho cha Dar ni miongoni mwa viwango vya juu vilivyowahi kurekodiwa duniani. Presha ndiyo mchochezi mkubwa, na presha haina kengele. Wazee wetu wengi wanajua wana presha siku wanayoanguka shambani.

Kisukari nacho kinaua perisaiti. Tangu mwaka 1961 ilionekana kwamba kwenye retina ya mgonjwa wa sukari perisaiti hutoweka mapema, ndipo kapilari zinavimba, zinavuja, na macho yanafifia. Mwenye kisukari akiangaliwa ndani ya jicho, daktari anaona kwa macho yake jinsi mishipa midogo inavyoharibika.

Na vijana wenzangu wa bodaboda, kuanzia Omurushaka mpaka Nkwenda. Kichwa kikigonga lami au kifusi, kapilari zinachanika na perisaiti zinapitia hatua zilezile nilizoeleza. Kofia ngumu ya kuning'iniza kwenye usukani inalinda usukani.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, au akilegea na kupotewa fahamu, hiyo ni dharura. Usianze kwa mganga, usianze kwa kumfukiza. Nenda zahanati au kituo cha afya cha karibu, huko wataamua kumpeleka hospitali. Degedege la homa kali na malaria ya ubongo kwa macho yanafanana, kipimo ndicho kinachotofautisha.

2. Malaria kali inatibiwa kwa sindano ya artesuneti. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Baada ya sindano lazima dawa mseto ifuate mpaka mwisho. Usimtoe mtoto wodini kwa sababu ameomba uji.

3. Pima kabla ya kumeza. Ukianza mseto, maliza dozi yote. Homa ikirudi au isipokwisha siku ya tatu, rudi upimwe, na useme ulimeza nini.

4. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, maneno yakiyumba ghafla: angalia saa, kariri hiyo saa, mpeleke mgonjwa hospitali. Usimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa, na usimpe vidonge vya kubahatisha. Kiharusi cha kuziba na cha kupasuka huwezi kuvitofautisha kwa macho, na dawa ya kimoja inaweza kumuua mwenye kingine.

5. Pima presha na sukari ya wazazi. Wewe unayesoma hapa ndiye wa kuwapeleka. Na dawa ya presha haiachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma.

6. Lala ndani ya neti, na ile ya kufugia kuku irudi kitandani.

Dawa ya kulegeza perisaiti zilizobana bado inatafutwa, na ile ya kupunguza kovu bila kuliondoa bado iko kwa panya. Hata zikipatikana kesho, zitaanzia mbali na Kyerwa. Kwa sasa tulichonacho sisi ni muda: kuwahi kabla mafundi hao wadogo hawajakunja ngumi.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Wauguzi, waganga wa zahanati na walimu mlioko Kayanga, Rubwera, Mabira na kwingineko, ongezeni mnayoyaona huko, na mwenye swali aliweke hapo chini. Ila tafadhali, majina ya wagonjwa msiyaandike.